Daftari la Gari Kuukuu: Ushuhuda Wangu kutoka Kismayu

Ushuhuda huu namwandikia mtu mmoja ninayemjua bila kumwona: yule aliyenunua gari kuukuu kwa akiba yake yote, akalitegemea limlishie watoto, na leo gari lenyewe liko uani limefunikwa turubai, kuku wanataga chini yake. Langu lilikaa hivyo miezi minne. Nilidaiwa, nilidharauliwa, na kuna usiku nilitamani kusikuche kwa sababu ya watu watakaobisha hodi asubuhi. Leo gari hilo hilo linatembea na nyumba yangu inakula. Aliyetutoa ni Mwenyezi Mungu, na njia aliyotutolea ilikuwa spana, mafuta ya taa, daftari la shule na maneno ya wazee wawili.

Mzee wa kwanza ni baba yangu. Nilizaliwa mwaka 1982 katika kisiwa cha Koyama. Visiwa vyetu vya Wabajuni vimejipanga kutoka karibu na Kismayu kushuka kusini, Koyama, Chovai, Chula na vingine, mpaka ukaribie mpaka wa Kenya. Baba alikuwa mvuvi na fundi wa mashua. Kusi ikishika, mwezi wa Juni na Julai, bahari haiendeki, mashua hupandishwa pwani, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Alikwangua ubao, akatia kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta, akapaka sifa ya papa juu na shahamu na chokaa chini. Kisha alijaza maji ndani ya mashua ikiwa nchi kavu, akachuchumaa nje kutazama palipotoka tone. Akituambia watoto: "Chombo hakiuliwi na dhoruba. Huuliwa na mwenyewe, aliyeona tone akanyamaza."

Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na vita vikatufikia hata sisi wa visiwani, watu tusiokuwa na bunduki. Wenye silaha walichukua nyavu na injini za boti. Tuliondoka usiku kwa mashua, tukapita Kiunga, tukashukia Lamu, na hatimaye tukafika kambi ya wakimbizi ya Jomvu, Mombasa. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka 1997 kambi ilipofungwa, wazazi wangu walirudishwa visiwani. Mimi nikabaki Changamwe, kijana wa miaka 15, nikiosha vyuma kwa dizeli katika gereji ya mzee mmoja aliyenipokea kama mwanawe.

Huyo ndiye mzee wa pili. Hakunipa spana mwaka wa kwanza wote. Alinifanya niweke kiganja juu ya injini inayonguruma, nifumbe macho, nimwambie nasikia nini. Alinifundisha kunusa: harufu ya klachi si harufu ya breki, na maji ya rejeta yakivuja juu ya chuma cha moto yana utamu wake puani. "Mwanangu," aliniambia, "gari huaga. Likitaka kufa, huaga kwa sauti, kwa moshi, kwa harufu au kwa tone. Anayesema limekufa ghafla ni yule asiyelisikiliza." Nilikaa naye miaka mingi, nikaoa, nikapata watoto. Wakati huo sikuona kwamba yeye na baba walikuwa wakisema neno moja.

Mwaka 2016 tulirudi. Al-Shabaab walikuwa wameondolewa Kismayu tangu mwaka 2012, na familia nyingi zilikuwa zikirejea kutoka Kenya. Wazee wetu husema jina la mji huu ni Kibajuni, kisima iyu, yaani kisima cha juu, na mimi nilifika nikiwa na kiu ya kuanza maisha kwetu. Mwaka uliofuata niliunganisha akiba yangu na ya shemeji yangu, tukanunua Land Cruiser ya mwaka 1994, ile ya mfululizo wa 80, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita. Ilikuwa imetembea kilomita 391,000. Bei ilikuwa dola 6,500, na baada ya kulipa hatukubakiwa na hata dola mia.

Sikulichagua kwa kuringa. Barabara zetu ni mchanga mwembamba, mawe ya pwani na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika gurudumu kama gundi. Injini ile haina kompyuta. Fundi mwenye mikono na akili anaweza kuifungua chini ya mkungu na kuifunga tena. Alfajiri nilibeba samaki na kamba wakubwa wa mwambani kutoka kwenye boti kwenda kwa wanunuzi, na siku nyingine nilichukua abiria na mizigo kwenda Afmadow na Dhobley, mpakani.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ushuhuda usio na kosa la mwenyewe ni nusu ya ushuhuda. Injini ya 1HZ ina taimingi belti, ukanda wa mpira wenye meno unaozungusha kamshafti, nayo kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga vali. Ukanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa katika mwendo, pistoni hupanda na kuzigonga vali zilizo wazi. Aliyeniuzia alisema ukanda ni mpya. Kifuniko chake kiko mbele kabisa ya injini, mahali pa wazi, na kubadilisha ukanda ni kazi isiyomaliza asubuhi moja. Nami ni fundi. Lakini nilikuwa na haraka ya kuanza kulipa, nikaamini maneno, nikaacha kufungua. Hata taa ya dashibodi ambayo huwaka kilomita zikitimia haikuwahi kuwaka, si nikiwa safarini wala nikiwasha ufunguo. Nilipokuja kuikagua baadaye, balbu yake ilikuwa imeungua. Taa inayopaswa kuwaka ikikaa kimya, nayo imeaga.

Ilikuwa Septemba 2018. Tulikuwa tunatoka Dhobley, tumeshapita Afmadow, jua linazama. Nilisikia mlio mdogo, kama kamba ya nanga inayokatika chini ya maji, kisha chuma kikagonga chuma, kisha kimya. Gari lilijivuta lenyewe hatua chache, likasimama. Nilikuwa na abiria sita. Nilijua kabla sijafungua boneti.

Tulilala pale. Kila aliyewahi kupita njia ile anaelewa maana ya kulala pale. Tulizima taa na simu, tukakaa kwenye vichaka kando ya barabara bila kuongea. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga alinipa kikombe cha maji, akaniambia, "Kunywa, baba, wewe ndiye dereva wetu bado." Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama. Baada ya sala ya alfajiri lori la mifugo lilitokea, likatufunga mnyororo na kutuvuta mpaka mjini. Nililipa lori, nikawarudishia abiria nauli zao, nikamlipa mfanyabiashara kwa mzigo uliochelewa. Siku ya tatu nilikuwa nadaiwa dola 1,900, na gari liko uani, limekufa.

Wakaja wenye huruma na wenye tamaa. Mmoja alitaka kulinunua kwa dola 700 alikate vyuma. Shemeji yangu hakunilaumu kwa mdomo, ila alipunguza kuja nyumbani. Nilifanya vibarua bandarini, nikipakua saruji na mchele, na jioni nilipita kando ya gari nikigeuza uso. Nakiri kwamba wiki tano sikuligusa. Haikuwa kwa kukosa spana. Ilikuwa aibu, na aibu hula mkono kuliko kutu inavyokula chuma.

Aliyenitoa humo ni mke wangu. Usiku mmoja aliweka bangili nne mkekani. Zilikuwa za mama yake, zilivuka naye bahari mwaka 1991 zikiwa zimeshonwa ndani ya upindo wa nguo. Akasema, "Mama alizificha zisiibwe ili siku moja zitufae. Kesho nenda sokoni, kisha ufungue ile injini. Ukishindwa, ushindwe ukiwa umeifungua." Asubuhi nilimpigia simu mzee wangu wa Changamwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa maneno machache: "Usifungue kwa hasira. Chukua daftari. Kila kinachotoka, andika kimetoka wapi."

Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Alinipa daftari lake la hesabu lililobaki kurasa nyeupe, akakaa juu ya dumu na kalamu, mimi nikafungua. Boliti za hedi nilizilegeza kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo kwa duru, ili hedi isipinde. Yeye alichora kila boliti na nafasi yake. Tulipoinua hedi, tuliona: vali 7 kati ya 12 zimepinda. Juu ya pistoni kulikuwa na alama za kupigwa, kama kucha iliyokandamizwa kwenye sabuni, lakini hakuna iliyopasuka. Kamshafti ilikuwa nzima. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, binti yangu akashangaa, maana yeye aliona chuma kilichoharibika tu.

Vali zilipatikana kwa marafiki wa gereji ya Mombasa, zikaja kwa mkono wa wasafiri mmoja baada ya mwingine. Gasketi na ukanda vilitoka Dubai kwa meli. Kila kimoja kilikuja kwa siku yake, na kila siku ya kungoja nilitafuta cha kusafisha. Vilipotimia, nikaanza kusaga vali. Kazi hii nataka uione kama nilivyoifanya. Unapaka pesti ya kusagia kwenye ukingo wa vali, kiasi cha punje ya mtama. Unaibandika kijiti chenye kikombe cha mpira, unakizungusha kwa viganja viwili mbele na nyuma kama mtu anayepekecha moto. Unainua, unageuza robo, unarudia. Mwanzo unasikia mkwaruzo wa mchanga. Ukifika wakati wake sauti inalainika, na ukifuta unaona pete ya kijivu, imezunguka bila kukatika. Pete ikikatika mahali pamoja, hapo ndipo moto utakapovuja. Vali kumi na mbili zilinichukua siku nne, na viganja vyangu vilitoka malengelenge.

Kisha nikageuza hedi, nikamimina mafuta ya taa kwenye kila tundu, nikaacha usiku kucha. Alfajiri nilichuchumaa kutazama kama kuna tone. Pale nilipochuchumaa nikamkumbuka baba kando ya mashua yake, maji yakiwa ndani na yeye nje, macho yako kwenye ubao. Tundu kumi na moja zilikuwa kavu. Moja ilikuwa na unyevu kidogo, unyevu ambao mtu mwenye madeni angeuita mkavu. Nikaitoa ile vali, nikaisaga tena.

Januari 2019 tulifunga. Boliti za hedi safari hii zilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, na binti yangu alisoma namba moja moja kutoka daftarini. Tulitoa upepo kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono. Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili ilikohoa. Mara ya tatu ikatoa moshi mweupe uliofunika uani, ikatetemeka, kisha ikatulia na kunguruma sawasawa. Nilisujudu pale pale kwenye mchanga wenye mafuta. Jirani mmoja, aliyewahi kuniambia niliuze gari kwa kilo, alikuja kunishika mkono, nami nikaupokea.

Usiku ule daftari lilipata kazi mpya. Ukurasa wa kwanza binti yangu aliandika: "Ukanda mpya, kilomita 409,000." Tangu hapo hakuna kinachofanywa kwenye gari kisichoandikwa. Nikueleze baadhi ya yaliyomo, labda moja litakufaa.

Oili na filta yake, kila kilomita 5,000, hata mfuko ukiwa mwepesi. Dizeli yetu hutoka kwenye mapipa na madumu, kwa hiyo naichuja kwa kitambaa kizito kabla haijaingia tangini, na kila Ijumaa nafungua chini ya filta ya dizeli nitoe maji. Filta ya hewa naipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu ukipuliza kutoka nje unalishindilia vumbi ndani. Rejeta haipati maji ya kisima, maana kisima chetu kina chumvi. Nakinga mvua, na ikikosekana nanunua maji ya betri, na kuchanganya na dawa ya rejeta. Mara mbili watu walinicheka kwa kununua maji ya gari wakati mimi mwenyewe nakunywa ya kisima. Gari halijachemsha tangu mwaka 2019.

Adui mkubwa wa pwani ni chumvi. Samaki hubebwa na barafu, barafu huyeyuka, na maji yake ya chumvi hutafuta njia sakafuni mpaka kwenye chesisi. Nilitoboa mashimo ya kutolea maji, nikaweka trei ya bati chini ya mzigo, na kila jioni naosha chini ya gari kwa maji baridi kabla sijaosha bodi. Bodi ni ya kuonekana na watu. Chesisi ndiyo inayobeba watu. Mara moja kwa mwaka, kusi ikishika na boti zikipandishwa, nami nalipandisha gari langu juu ya mawe. Nakwangua kutu kwa brashi ya waya, nachomelea palipoliwa, napaka rangi, kisha mafuta mazito. Vijana hupita wakauliza, "Kaka, gari limeharibika?" Nawajibu halijaharibika, ndiyo maana nalitengeneza.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko kusini mwa Somalia. Mto Juba ulijaa, barabara zilikatika, na watu waliokuwa wakiishi kwenye vibanda vya maturubai pembezoni mwa Kismayu walilala majini. Wiki tatu gari langu halikubeba samaki. Lilibeba magodoro, wagonjwa na madumu ya maji safi. Nilishusha upepo wa matairi mpaka psi 20, nikatia gia ya magurudumu manne, nikavuka polepole maji yasiyozidi kitovu cha gurudumu, maana zaidi ya hapo ni kujaribu kudra. Usiku mmoja tulimpeleka hospitali mama mwenye uchungu, na alipojifungua salama nilikaa nje ya ukuta nikilia. Nilikumbuka yule mama wa barabara ya Afmadow na kikombe chake cha maji. Maji yalipopungua nilifungua difu ya mbele, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Ningengoja hata wiki mbili, beringi zingeliwa. Nikabadilisha oili zote siku hiyo, na daftari likaandikwa.

Madeni yote niliyamaliza mwaka 2020. Bangili nne hazikurudi zile zile, ila mke wangu leo amevaa mbili, na mbili zilizobaki niko njiani kuzinunua. Mzee wangu wa Changamwe alifariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Vijana watatu wa Kibajuni wanajifunza kwangu, na hakuna anayeshika spana kabla hajakaa na kiganja juu ya injini, macho yamefumbwa.

Kwako uliye na gari chini ya turubai, nina maombi matatu. Ukinunua cha zamani, usipokee neno la mtu mahali unapoweza kufungua kifuniko ukaona kwa macho. Kikiharibika, usikiache kwa aibu, kifungue hata kama hujui utamaliza lini, na andika kila kinachotoka. Na umkalishe mtoto karibu na wewe, wa kiume au wa kike, ashike kalamu au tochi, kwa sababu kuna siku mikono yako itachoka.

Binti yangu sasa ni msichana mkubwa, na daftari ni la tatu. Mwandiko bado ni wake. Mstari aliouandika Machi 2024 unasema: "Ukanda mpya, kilomita 499,000. Utatolewa ukifika 589,000, hata ukionekana mzima."